Kwa nini nchi ile ilijizuia? Mwanafunzi na utafiti wa siasa za leo

Mapendekezo mengi ya utafiti ya wanafunzi wa sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa huanza na kichwa cha aina hii: "Athari za vita vya Ukraine katika siasa za dunia." Aliyekiandika si mvivu. Amefuatilia habari mchana na usiku, anayajua majina ya majenerali na njia za mabomba ya gesi, na moyo wake umo katika jambo lenyewe. Lakini muulize atajuaje kwamba amekosea, atanyamaza. Hawezi kukosea kwa sababu hajadai chochote. Alichonacho ni mada. Swali bado hana.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo tasnifu nyingi zinapokwama, kabla hata ya kufika kwenye nadharia au takwimu. Anayechunguza vita vya zamani hukuta vumbi limekwisha kutua. Anayechunguza ya leo amezungukwa na majibu kabla hajauliza: mchambuzi wa redioni ana lake, msemaji wa serikali ana lake, mtandaoni kila mtu ana lake. Ni rahisi mno mwanafunzi akaazima jibu, kisha akatumia miezi sita kulitafutia ushahidi. Atafanya kazi kwa bidii na atajaza kurasa 90, lakini hatakuwa amegundua kitu.

Tuchukue jambo moja la juzijuzi tuone swali linavyochongwa kutoka kwenye habari.

Tarehe 2 Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio lililolaani uvamizi huo na kuitaka Urusi iondoe majeshi yake. Nchi 141 ziliunga mkono. Nchi 5 zilipinga: Urusi yenyewe, Belarus, Korea Kaskazini, Eritrea na Syria. Nchi 35 zilijizuia, yaani hazikusema ndiyo wala hapana. Umoja wa Mataifa una wanachama 193.

Kwamba Belarus ilipinga halimshangazi mtu. Majeshi ya Urusi yalipitia katika ardhi yake. Kwamba Poland iliunga mkono ni vivyo hivyo. Kinachotaka maelezo ni zile 35, maana ndani yake zimo China na India, Afrika Kusini na Algeria, Vietnam na Tanzania, nchi ambazo ukizipanga kwa utajiri, dini, bara au mfumo wa utawala hazikai kwenye safu moja. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini nchi hizi zilijizuia ilhali nyingine zinazofanana nazo ziliunga mkono?" ameshaacha mada na kushika swali. Lina mlinganisho ndani yake, na majibu yanayoshindana ambayo baadhi yake lazima yaanguke.

Kabla ya kueleza, hesabu. Jumlisha 141, 5 na 35 upate 181. Wanachama 12 hawamo. Hawa hawakujizuia, hawakupiga kura kabisa, na anayewaunganisha na wale 35 ili kurahisisha jedwali lake ameharibu kazi siku ya kwanza. Venezuela, kwa mfano, haikupiga kura kwa sababu haikuwa na haki ya kupiga. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinamnyima kura katika Baraza Kuu mwanachama ambaye malimbikizo ya michango yake yamefikia au kupita kiasi anachodaiwa kwa miaka miwili kamili. Kiti chake kingehesabiwa kuwa "msimamo wa kati" na mtu asiyesoma kifungu hicho, ilhali serikali yenyewe ilikuwa rafiki wa wazi wa Moscow. Moroko nayo haikushiriki kwa hiari yake, kisha ikatoa taarifa kwamba kutoshiriki huko kusifasiriwe kuwa ni msimamo juu ya suala lenyewe. Kwenye jedwali ni nafasi mbili tupu zinazofanana, na nyuma yake ni mambo mawili yasiyohusiana. Ndiyo maana napenda kumwona mwanafunzi akitumia wiki nzima kusoma kumbukumbu za kikao, ambazo Umoja wa Mataifa huziweka wazi kwenye maktaba yake ya kidijitali pamoja na hotuba ambazo mabalozi huzitoa kueleza kura zao, kabla hajagusa programu yoyote ya takwimu.

Sasa maelezo. La kwanza kusikika huwa ni silaha: nchi inayonunua silaha kwa Urusi haiwezi kumlaani muuzaji wake. Ni dai zuri, kwa sababu linaweza kupimwa. Taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, ina hifadhidata ya uhamishaji wa silaha kubwa inayoanzia mwaka 1950, na haitozi senti. Lakini mwanafunzi aangalie safu anayoisoma. Kipimo kikuu cha SIPRI si fedha. Ni kipimo chake chenyewe kinachokadiria uwezo wa kijeshi wa silaha iliyohamishwa, bila kujali bei iliyolipwa. Ndege moja iliyotolewa bure na nyingine ya aina hiyohiyo iliyouzwa kwa bei ya kuruka huhesabiwa sawa. Anayeandika kwamba nchi fulani "ilitumia dola milioni kadhaa" kwa kutazama safu hiyo ameandika jambo ambalo hifadhidata haikusema.

Ukishaisoma vizuri, dai linaanza kusimama. India, Vietnam na Algeria, wateja wakubwa wa muda mrefu wa silaha za Urusi, zote zilijizuia. Halafu unafika Misri. Nayo imenunua silaha nyingi za Urusi, lakini iliunga mkono azimio. Hapa ndipo pa kumtazama mwanafunzi. Mmoja ataificha Misri kwenye tanbihi. Mwingine atauliza Misri ina nini ambacho Algeria haina, naye atakuta kwamba Misri hununua pia kwa Ufaransa na Italia, na kila mwaka hupata msaada wa kijeshi wa Marekani, ilhali Algeria kwa miongo mingi imetegemea sehemu kubwa mno ya zana zake kwa mtu mmoja. Basi dai linanyolewa upya: kinachomfunga mteja ni kukosa mahali pengine pa kwenda. Kununua peke yake hakutoshi. Hilo ni dai bora kuliko la kwanza, ila bado halijathibitishwa, na jambo hili hupitwa na wengi. Algeria na Misri ndizo zilizolizaa, kwa hiyo haziwezi kuwa mashahidi wake. Lazima lipelekwe kwa nchi ambazo mwanafunzi hajazitazama bado.

Maelezo ya pili ni historia: nchi ambazo Umoja wa Kisovieti ulizisaidia wakati wa ukombozi hazijasahau. Afrika Kusini, Namibia, Angola, Msumbiji na Zimbabwe zote zilijizuia, na ukizitazama hizo tu utadhani kazi imekwisha. Lakini Zambia, iliyopokea wapigania uhuru wa eneo zima na ambamo chama cha ANC kiliweka makao yake makuu mjini Lusaka, iliunga mkono azimio. Botswana pia. Tena Ukraine nayo ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, hivyo deni la shukrani, kama lipo, halina sababu ya kumwendea Moscow peke yake. Mtafiti hapo hailaani historia. Anauliza ni nani leo anayeikumbuka, na kwa faida ya nani. Pengine kinachofanya kazi ni chama kilichoshika bunduki zamani kuwa bado madarakani, zaidi ya kumbukumbu ya taifa zima. Hilo nalo linapimika.

La tatu ni demokrasia. Kwamba tawala za kidemokrasia ziliunga mkono na za kiimla zikajizuia. Hili lina shida ya ndani zaidi, maana kabla ya kulipima unahitaji kuamua demokrasia ni nani. Chukua India. Mwaka 2021 shirika la Freedom House liliishusha kutoka kundi la nchi huru hadi la nchi zilizo huru kwa kiasi, na mwaka huohuo mradi wa V-Dem wa Chuo Kikuu cha Gothenburg uliiita utawala wa kiimla wenye uchaguzi. Serikali ya India ilizikataa tathmini za namna hiyo. V-Dem huuliza wataalamu wengi wa kila nchi kisha hupatanisha majibu yao kwa hesabu. Freedom House hutumia wachambuzi wanaojaza orodha ya alama. Mwanafunzi akichagua kipimo kimoja kwa sababu ndicho kilichotokea kwanza kwenye utafutaji wake, amechagua jibu bila kujua. Napendekeza afanye hesabu yake kwa vipimo viwili na aseme wazi pale vinapompa majibu tofauti. Sura inayokiri hivyo huaminika zaidi.

Hadi hapa tumelinganisha nchi na nchi. Kuna mlinganisho mwingine ninaoupenda zaidi, nao ni nchi na yenyewe.

Ijumaa ya tarehe 25 Februari 2022, rasimu ya kulaani uvamizi ilifikishwa kwanza kwenye Baraza la Usalama. Nchi 11 kati ya 15 ziliunga mkono, Urusi ikaiua kwa kura ya turufu, na tatu zikajizuia: China, India na Falme za Kiarabu. Jumapili yake, Baraza hilo likapiga kura ya utaratibu, ambayo turufu haifanyi kazi juu yake, kuitisha kikao maalumu cha dharura cha Baraza Kuu, na zilezile tatu zikajizuia tena. Ikafika Jumatano, tarehe 2 Machi. China ikajizuia, India ikajizuia, Falme za Kiarabu zikaunga mkono.

Siku tano. Silaha za Falme hizo hazikubadilika ndani ya siku tano, wala mfumo wao wa utawala, wala historia yao. Kisichobadilika hakiwezi kueleza kilichobadilika, na kwa pigo hilo moja maelezo yote matatu yanatoka nje ya chumba, angalau kwa nchi hii. Kilichobadilika ni ukumbi, maneno ya azimio, na idadi ya waliokuwa wakitazamwa. Katika Baraza la Usalama kura ni 15 na kila mkono unaonekana. Tena kila mmoja alijua rasimu ingekufa kwa turufu hata ikipata kura 14. Katika Baraza Kuu mkono mmoja unapotea kati ya 193. Mwanafunzi anayeanza hapa ana tasnifu mkononi: je, nchi ndogo hupiga kura kwa uhuru zaidi pale ambapo kura yake haihesabiwi kwa karibu, au ni mazungumzo ya faragha ya siku zile tano yaliyoigeuza? Maswali hayo mawili yanahitaji ushahidi wa aina mbili, na moja linapatikana kwa urahisi kuliko jingine.

Senegal ni fumbo jingine. Tarehe 24 Februari, Rais Macky Sall, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alitoa taarifa ya pamoja na mwenyekiti wa Kamisheni, Moussa Faki Mahamat, wakiitaka Urusi iheshimu sheria za kimataifa na mipaka ya Ukraine. Wiki haijaisha, Senegal yenyewe ikajizuia. Mtu mmoja, kofia mbili. Tunazoea kuandika "Senegal ilitaka hivi", "Marekani iliogopa hivi", kana kwamba nchi ina kichwa kimoja na tumbo moja. Ndani ya sentensi ya namna hiyo kuna rais, wizara ya mambo ya nje, balozi aliye New York, chama tawala na wakati mwingine jeshi, na si ajabu wakavutana. Kumbukumbu ya kura haikuonyeshi mvutano huo hata ukiisoma mara mia.

Wala kura moja haiwezi kuitwa "msimamo juu ya vita". Tarehe 7 Aprili 2022, Baraza Kuu lilipoulizwa kama Urusi isimamishwe kwenye Baraza la Haki za Binadamu, waliounga mkono walishuka kutoka 141 hadi 93; 24 walipinga na 58 wakajizuia. Vita ni ileile, mwezi haujapita sana. Kulaani na kuadhibu ni mambo mawili, na anayejenga hoja yake juu ya azimio moja tu amejenga juu ya swali moja lililoulizwa siku moja.

Nadharia nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa vitabu vya kozi vimejaa hizo. Mwanauhalisia atatazama nguvu na hofu, mwanauliberali atatazama biashara, taasisi na siasa za ndani, na anayeamini kwamba maslahi yenyewe hujengwa na jamii atatazama utambulisho na kile nchi inachokiona kuwa cha heshima. Makosa yanayorudi kila mwaka ni kuweka sura nzima ya nadharia, kisha kutoitumia tena hadi hitimisho. Nadharia inalipwa kwa kazi moja: ikuambie utegemee kuona nini ambacho nadharia pinzani isingetegemea. Kama zote mbili zinatabiri kwamba Algeria itajizuia, basi Algeria haiwezi kuamua kati yao. Nenda Misri.

Kuna mtego mwingine unaostahili mfano wake. Tangu Agosti 2020 majeshi yamechukua madaraka Mali, Guinea, Burkina Faso, Niger na Gabon, na wanafunzi wengi wanataka kujua sababu. Anayekusanya nchi hizo tano na kutafuta kinachofanana atakipata: umaskini, ukosefu wa usalama, hasira za vijana, kivuli cha mkoloni wa zamani. Lakini hajatazama hata nchi moja yenye mambo hayohayo ambayo jeshi lake limebaki kambini. Bila hizo hajui kama amepata sababu au sifa tu za ujirani. Na Gabon, nchi ya mafuta isiyokuwa na uasi wa kijihadi, inapaswa kumkosesha usingizi tangu mwanzo. Fumbo zuri mara nyingi ni nchi ambayo jambo lilitegemewa na halikutokea. Ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu hakuna habari za ukurasa wa mbele kuhusu mapinduzi ambayo hayakuwapo.

Halafu kuna saa inayokimbia. Tarehe 30 Julai 2023, viongozi wa ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, waliwapa wanajeshi wa Niger wiki moja wamrudishe Rais Mohamed Bazoum waliyempindua, la sivyo nguvu ingeweza kutumika. Tarehe 10 Agosti waliamuru kikosi cha akiba kijiweke tayari. Hakikwenda. Februari 2024 vikwazo vikuu dhidi ya Niger vikaondolewa, na tarehe 29 Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zikatoka rasmi kwenye jumuiya hiyo. Mwanafunzi aliyeanza kuandika Agosti 2023 na asiyeweka tarehe ya mwisho ya data yake alilazimika kufumua sura zake kila alfajiri. Mwenzake aliyeandika ukurasa wa kwanza kwamba "utafiti huu unaishia tarehe 10 Agosti 2023 na unahoji kwa nini tishio lilitolewa" alikuwa na kazi iliyotulia, kwa kuwa yaliyofuata hayakuweza kubadilisha sababu za tishio. Tarehe ya ukomo ni sehemu ya swali, na ichaguliwe mapema, kwa sababu inayoelezeka. Pamoja nayo, kila taarifa ya mtandaoni ihifadhiwe nakala na siku iliyosomwa. Wizara hufuta machapisho.

Kwa mahojiano, ushauri wangu ni mmoja. Usimuulize mwanadiplomasia "kwa nini". Neno hilo linaita hotuba, na hotuba anayo tayari. Muulize mlolongo: maelekezo ya kura yalifika siku gani, yalitoka kwa nani, nani aliisoma rasimu kwanza, ni sentensi gani iliyobishaniwa. Mtu anayekumbuka mlolongo husahau kujitetea. Naye alindwe: ridhaa yake iandikwe, jina lake lisiwekwe kwenye faili moja na maneno yake, na wadhifa wake uelezwe kwa upana wa kutosha asitambulike. Ubalozi wenye maofisa watatu hauna "ofisa mmoja asiyetajwa jina".

Na bado, baada ya uangalifu wote huo, kuna milango iliyofungwa. Oktoba 1962 Umoja wa Kisovieti ulikubali kuondoa makombora yake Cuba, na dunia ikaambiwa kwamba Marekani ilisimama imara ikaahidi tu kutoivamia Cuba. Usiku wa tarehe 27, Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa Marekani na mdogo wa Rais John Kennedy, alikuwa amekutana na balozi wa Kisovieti Anatoly Dobrynin na kumhakikishia kwamba makombora ya Jupiter ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yangeondolewa, mradi jambo hilo lisitangazwe. Yaliondolewa mwezi Aprili mwaka uliofuata. Siri ilitunzwa kwa miaka mingi, na somo ambalo kizazi kizima kilijifunza kuhusu uthabiti mbele ya adui lilijengwa juu ya nusu ya makubaliano.

Mfikirie mwanafunzi aliyeandika tasnifu kuhusu mgogoro huo mwaka 1965. Kama aliandika "Rais Kennedy hakutoa chochote kuhusu Uturuki," nyaraka zimemwangusha. Kama aliandika "katika taarifa zilizotolewa hadharani na serikali zote mbili hadi leo, makombora ya Uturuki hayatajwi kuwa sehemu ya makubaliano, ingawa yaliondolewa miezi sita baadaye," sentensi yake bado ni kweli, na tena imeacha kidole kikielekeza mahali pa kuchimba. Uingereza sasa hupeleka nyaraka zake za serikali kwenye hifadhi ya taifa zikifikisha miaka 20. Nchi nyingine husubiri zaidi, na nyingine hazifungui kabisa. Maelekezo waliyopewa mabalozi wa zile nchi 35, pale yalipoandikwa, yako kwenye majalada ambayo hakuna mwanafunzi wa leo atakayeyashika kabla ya kuhitimu. Wengi waliopokea maelekezo hayo, hata hivyo, bado wako hai, na baadhi yao hujibu barua pepe.